Shajara ya mradi: kijivu hiki ni bluu au lavenda?

Kabla ya kupandisha

Ninachotaka ni kundi la kuku wadogo aina ya Cochin wa kijivu wanaozaa kijivu, na watoto wao wazae kijivu vilevile. Sitaki kundi ambalo kila msimu robo ya vifaranga hutoka weusi na robo nyingine hutoka na rangi ambayo sikuipanga.

Nilionao bandani ni jogoo mmoja wa kijivu, matetea watatu weusi, wawili wa kijivu na mmoja mweupe pepe. Wazazi wao hawajaandikwa popote. Wale watatu wa kijivu nilikabidhiwa kwa jina moja tu, "bluu", na ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mtu akiona kuku wa kijivu humwita bluu bila kuuliza zaidi. Jina hilo nimeliandika kwenye daftari kwa penseli. Kalamu ya wino inasubiri vifaranga.

Kijivu cha kuku kina njia zaidi ya moja ya kupatikana, na njia mbili zilizo maarufu hazifanani hata kidogo katika kurithishwa. Ya kwanza ni jeni ya bluu, inayoandikwa Bl. Hii haitawali kikamilifu wala haijifichi. Kuku mweusi akipata dozi moja, yaani nakala moja ya jeni, anakuwa bluu. Akipata dozi mbili anakuwa karibu mweupe, mwenye madoa ya bluu na nyeusi yaliyotapakaa mwili mzima. Rangi hiyo ya pili mimi naiita rasharasha. Kwa hiyo ukipandisha bluu kwa bluu utapata, kwa wastani, robo weusi, nusu bluu, robo rasharasha. Andalusian wa bluu wamekuwa mfano wa darasani wa jambo hili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za wanajenetiki wa Uingereza William Bateson na Reginald Punnett, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kuwafanya wazae bluu watupu. Hatafanikiwa yeyote, maana bluu yenyewe ni hali ya kuwa na dozi moja. Ukitaka vifaranga wote wawe bluu, njia ni kumpandisha rasharasha kwa mweusi.

Njia ya pili ni lavenda, lav. Hii ni jeni fiche: kuku sharti apate dozi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye dozi moja ni mweusi tii kama mweusi mwingine yeyote, lakini ameibeba. Uzuri wake ni kwamba lavenda kwa lavenda huzaa lavenda, basi. Hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Kuwasoma manyoya

Nimewatoa wote watatu nje mchana na kuwaangalia kivulini. Juani nisingewaamini, kwa sababu jua hubadilisha kijivu, hasa kilichokwisha kupigwa na jua muda mrefu na kuanza kuingia umanjano.

Jogoo: shingo na kiuno vimekoza kuliko kifua, na kila unyoya wa kifuani una pindo jembamba lililo jeusi kuliko katikati yake. Begani ana nyuzi chache za wekundu, na wekundu huo unang'aa. Waonyeshaji wa kuku wanauhesabu kuwa dosari, na ni haki yao, lakini kwangu mimi leo ulikuwa na faida.

Kuku hutengeneza melanini za aina mbili: eumelanini, inayotoa nyeusi na kahawia iliyokoza, na feomelanini, inayotoa wekundu na dhahabu. Bl hufifisha eumelanini na kuiacha feomelanini ilivyo. Lav haibagui. Yenyewe haipunguzi melanini inayotengenezwa; inavuruga usafirishaji wake. Ni hitilafu katika jeni ya MLPH, ambayo kazi yake ni kusaidia chembe za melanini zisambae kutoka kwenye seli inayozitengeneza. Zisiposambaa vizuri hurundikana, na unyoya unaonekana wa kijivu hafifu ingawa rangi imo. (Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa paka ndiyo inayotupa wale paka wa kijivu, na kwa mbwa hali ni hiyo pia.) Kwa kuwa kinachoharibika ni usafiri, wekundu nao huathirika: juu ya kuku wa lavenda dhahabu hupauka ikawa rangi ya majani makavu. Jogoo wangu ana wekundu mkali katikati ya kijivu. Basi si lavenda. Anaweza kuwa amebeba dozi moja, hilo manyoya hayawezi kuniambia, lakini kijivu anachokionyesha ni cha Bl.

Matetea wawili ni wagumu zaidi kwa sababu hawana wekundu wowote. Nimewafunga pete za miguu, mmoja nyekundu, mmoja kijani. Nikanyofoa unyoya mmoja mmoja mahali palepale, ubavuni, nikailaza juu ya karatasi nyeupe kando ya dirisha. Wa pete nyekundu una pindo, hafifu lakini lipo, kama upana wa uzi. Wa pete ya kijani hauna. Kijivu chake kimelala sawasawa kuanzia shinani hadi nchani, na ni cheupe zaidi. Kisha nikautazama mkia wake kwa lenzi: nyuzi za unyoya kwenye ncha hazishikani, zimechanika na kutawanyika, na ukizipapasa hazirudi mahali pake. Wafugaji wa lavenda wanaujua sana udhaifu huu wa manyoya, na ni sababu mojawapo ya wengi kuikimbia rangi hiyo.

Dhana yangu kwa penseli: jogoo ana Bl moja, pete nyekundu ana Bl moja, pete ya kijani ana lav mbili na hana Bl.

Kutenganisha

Matetea wote walikuwa wakiishi na majogoo wengine kabla ya kuja kwangu. Mbegu za jogoo huweza kukaa hai ndani ya tetea wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa hiyo mayai ya wiki 4 za mwanzo hayaingii kwenye mashine ya kuangulia hata moja. Yanaliwa. Kuna watu wanaona subira hii ni ushamba. Nao ndio haohao wanaoshangaa baadaye kifaranga mwenye milia ametoka wapi.

Kila tetea ana chumba chake na jogoo anazungushwa. Yai linaandikwa kwa penseli siku linapookotwa. Siku ya 18, mayai yanapoacha kugeuzwa, nayahamishia kwenye trei yenye vigawanyo vya wavu, kila mama kwenye kisanduku chake, maana kifaranga aliyekwisha kukauka hana jina la mama usoni. Kuku wa umbo dogo huwahi, na wangu mara nyingi wanapasua siku ya 19 au ya 20, kwa hiyo kuchelewesha vigawanyo ni kujitafutia balaa.

Alama ya kudumu naitoboa kwenye utando wa vidole. Kila mguu una sehemu mbili za utando zinazotoboka, jumla 4, na kila moja ama imetobolewa au haikutobolewa, hivyo unapata alama 16 tofauti. Zinatosha kwa familia zangu zote na bado zinabaki.

Utabiri niliouandika kabla ya yai la kwanza kuingia: kwa matetea weusi, nusu weusi na nusu bluu. Kwa pete nyekundu, robo, nusu, robo. Kwa pete ya kijani, nusu weusi, nusu bluu, na rasharasha hata mmoja asionekane. Kwa mweupe, Mungu ndiye ajuaye.

Weusi

Hapa hakuna la kusimulia. Weusi na bluu wametoka karibu sawasawa kwa matetea wote watatu. Bl ya jogoo imeandikwa kwa wino.

Ila weusi wenyewe wanahitaji neno moja. Kwenye kuku, nyeusi ya mwili mzima kwa kawaida inasimama juu ya aleli (yaani toleo la jeni) E, iliyo juu kabisa katika orodha ya utawala kwenye jeni ya MC1R. Chini yake zinakuja zile za birchen, ngano, rangi ya asili ya kuku wa porini, na kahawia. Nyeusi ya E ni koti refu; shati lililo ndani hulioni. Kuku mweusi anaweza kuwa na jeni ya fedha au ya dhahabu, ya pindo au ya madoa, na wewe ukaona weusi tu. Hivyo matetea hawa watatu nimewaandika "weusi kwa nje" na kuacha nafasi kubwa kwenye ukurasa.

Pete nyekundu na pete ya kijani

Kwa pete nyekundu rasharasha alitoka kwenye trei ya kwanza kabisa. Kifaranga wa rasharasha hutoka na malaika (manyoya laini ya kifaranga) hafifu sana, karibu meupe, na huwezi kumchanganya na mwingine. Mmoja anatosha: hawezi kupatikana bila Bl kutoka pande zote mbili.

Pete ya kijani ni hesabu ya aina nyingine, kwa sababu ninajaribu kuthibitisha kutokuwepo. Kama naye angekuwa na Bl, kila kifaranga angekuwa na nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa rasharasha. Vifaranga 4 bila rasharasha ni jambo la kawaida sana, nafasi yake ni kama theluthi moja, kwa hiyo trei ya kwanza haikuniambia kitu. Niliendelea kuweka mayai yake mpaka nikafikisha vifaranga 16. Rasharasha: hakuna. Robo tatu ikizidishwa yenyewe mara 16 inafika asilimia 1. Nimekubali kwamba hana Bl, na kijivu chake kina chanzo kingine.

Weusi na bluu wake wamegawana karibu nusu kwa nusu, kama utabiri. Na hapa ndipo mradi unapopata mtaji wake. Ikiwa mama ni lav mbili, basi kila mmoja wa watoto hao, mweusi au bluu, amebeba lav moja. Hakuna haja ya kumpima mtu. Bluu nimewaondoa kwenye mstari huu mara moja, hata walio wazuri wa umbo, na wapo wawili walioniuma. Bluu na lavenda zikikutana kwa kuku mmoja kijivu huwa hafifu mno, na kizazi kinachofuata nisingejua ninaangalia nini. Weusi pekee ndio wanaobaki.

Mfugaji mwenzangu alipoona nawapeleka bluu upande wa pili na kuwabakiza weusi, alicheka: "Unatafuta kijivu kwa kufuga weusi?" Nikamjibu ndiyo, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mweupe na siri yake

Weupe wa kuku nao ni wa aina kadhaa. Kuna weupe tawala, I, ambao hufuta eumelanini na kuiacha dhahabu karibu ilivyo. Mmoja akiwa nao dozi mbili, watoto wote kwa kuku mweusi hutoka weupe, kwa kawaida na vidoa vyeusi vya hapa na pale. Kuna weupe fiche, c, unaozima rangi zote mbili, na huo watoto wake kwa kuku asiyeubeba hutoka na rangi kamili. Cochin weupe mara nyingi ni wa namna hii ya pili, na trei ya kwanza ya huyu tetea ililithibitisha: hakuna mweupe hata mmoja. Weusi na bluu watupu.

Ila sehemu yao walikuwa na doa jeupe utosini.

Vifaranga weusi huwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mbawa hata wasipokuwa na jeni yoyote ya ziada, kwa hiyo ukiangalia tumbo utapotea. Doa la utosini ni jambo jingine. Hilo ni alama ya jeni ya milia, B, na milia yenyewe haionekani mpaka manyoya ya kweli yaanze kuota. Yalipoota, wenye doa wote walikuwa na milia mbawani, na walipoanza kuonyesha upanga mwekundu, wote walikuwa majogoo. Wasio na doa: matetea.

Kwa kuku, jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, Z na Z. Tetea ana Z na W. Jeni ya milia imekaa juu ya Z. Tetea mweupe alikuwa na B moja iliyofunikwa na weupe wake, na Z yake huenda kwa wana wa kiume tu. Mabinti hupewa W. Ndiyo maana kila mwana alipata milia na hakuna binti aliyeipata. Jambo hili mwanasayansi wa Marekani William Spillman alilieleza mwaka 1908 kwa kutazama Plymouth Rock wenye milia, na baadaye Punnett na wenzake Cambridge walilitumia kutengeneza kuku kama Legbar, ambao jinsia ya kifaranga inatambulika kwa malaika yake siku anapoanguliwa. Biashara ya mayai inategemea ujanja wa aina hiyo mpaka leo: jogoo wa dhahabu kwa tetea wa fedha, na fedha, kwa kuwa nayo iko kwenye Z na inatawala, huwaendea wana wa kiume peke yao.

Kwa mradi wangu milia haina kazi sasa. Lakini nimefurahi kupita kiasi, na ukurasa wa tetea mweupe ndio uliojaa kuliko yote. Watoto wake wote wamebeba c, na sitaki weupe uibuke kwenye mstari wa lavenda vizazi viwili mbele, hivyo wamewekewa alama yao ya kidole na banda lao. Lavenda yenye milia ni rangi nzuri sana, na mwanaye mwenye B yupo, lakini hiyo ni shajara nyingine.

Kurudi kwa mama

Njia za kutoka hapa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kaka na dada weusi wa pete ya kijani wapandishwe wao kwa wao: robo ya watoto watakuwa lavenda. Tatizo ni robo tatu zinazobaki. Wote ni weusi, na katika kila 3 wawili wameibeba lav, mmoja hana, na hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha. Ungelazimika kumpima kila mmoja kwa kumpandisha kwa lavenda. Kama ameibeba, uwezekano kwamba vifaranga 7 wote watoke weusi kwa bahati tu ni 1 kati ya 128. Inafanyika, lakini inakula msimu mzima na nafasi nyingi.

Ya pili ni kumrudisha mwana mmoja mweusi kwa mama yake. Nusu lavenda, nusu weusi, na weusi wote wameibeba kwa hakika. Ndugu wa damu wa karibu hivi sipendi kuwapandisha zaidi ya mara moja, lakini mara moja ninakubali, kwa sharti kwamba hatua inayofuata ni kutoka nje ya familia. Niliyemchagua sikumchagua kwa weusi wake. Nilishika mkia wa kila mmoja wa wana na kuuvuta taratibu kati ya vidole. Niliyemchukua ni yule ambaye manyoya yake ni mapana na nyuzi zake zimeshikana barabara mpaka nchani, kwa sababu mkia wa mama yake ndio udhaifu ninaotaka kuupunguza.

Vifaranga wa mwanzo wa jozi hii walipotoka niliweka taa karibu na trei. Wa kijivu na weusi, karibu sawasawa. Siku hiyo kijivu hakikuwa na utata, kwa kuwa baba ni mweusi na hana Bl, mama nilikwisha kumpima, na kuku hawezi kurithi bluu isiyokuwepo. Lav ya pete ya kijani imeandikwa kwa wino.

Wamekwisha kubadilisha manyoya ya utotoni sasa. Kijivu chao ni kimoja kuanzia shingo hadi mkiani, hakuna pindo. Jogoo mmoja kati yao ana mkia uliochanika vibaya kuliko wa pete ya kijani, ambaye ni mama yake na bibi yake pia, na huyo hatazaa. Mwingine, mdogo wa umbo lakini mwenye manyoya yaliyoshikana, ndiye niliyemweka.

Kinachofuata

Jogoo huyo wa lavenda anakwenda kwa matetea watatu weusi wa mwanzo, ambao, kwa ninavyojua, hawana undugu na mama yake. Watoto wote natarajia wawe weusi waliobeba lav, na manyoya yawe bora. Akitoka wa kijivu hata mmoja, basi mmoja wa wale matetea alikuwa ameibeba lav miaka yote chini ya weusi wake, na ile nafasi niliyoiacha kwenye ukurasa itapata kazi. Mabinti wao wenye mikia mizuri watarudishwa kwa lavenda, nusu watoke kijivu, kisha weusi tena, kwa zamu. Sitapandisha lavenda kwa lavenda mfululizo hata kama rangi inaruhusu, mpaka niwe na mikia ninayoweza kuivuta kati ya vidole bila kubaki na nyuzi mkononi.

Pete ya kijani ananyonyoka sasa hivi na ameacha kutaga. Jogoo wa bluu wa mwanzo amehamishiwa kwa mabinti zake wa rasharasha? Hapana, amepata nyumba mpya kwa mfugaji mwenye matetea weusi watupu, na nimempa karatasi inayosema jogoo ana Bl dozi moja, wekundu begani, lav haikujitokeza kwa vifaranga wake. Rasharasha wa kike wawili wamebaki, watapewa kaka mweusi asiye wa mama yao, ili nione vifaranga wa trei nzima wakitoka bluu. Mayai ya jogoo wa lavenda kwa weusi yanaanza kuingia kwenye mashine wiki ya 5 tangu wakae pamoja.